Kona ya Miche: Mti mnauona, watoto wake wako wapi?

Jamani habari za mvua. Mwezi uliopita niliandika mistari michache tu hapa kuhusu pamu adimu za dunia, nikamalizia kwa kusema mwenye swali aniandikie, nikijua watakuja wawili watatu, kumbe mmejaza sanduku mpaka mhariri kanipigia simu kuniuliza nimewaahidi nini. Nimechukua barua sita. Ambaye barua yake haimo asinune, zamu yake inakuja.

Kabla sijaanza tuelewane, nikisema pamu namaanisha ukoo wote wa mnazi, yaani mtende, mkindu, mvumo, mkoma, mchikichi, mpopoo, mwale, pamoja na hizi za mapambo zinazouzwa barabarani kwenye viroba vyeusi. Ukoo huu duniani una aina kama 2,500 na nyingi sana hazina hata jina la Kiswahili kwa sababu zinaishi kwenye bonde moja au kisiwa kimoja tu mbali huko, na hizo ndo tunazozungumzia leo.

SWALI: Asalaam alaykum mwalimu. Mie nipo Konde huku Pemba. Juzi kaja mgeni mmoja Ngezi, kauona mpapindi akaanza kuupiga picha kama kamuona bibi harusi. Akanambia mti huu haupo pengine ila kwetu, halafu hapo hapo akanambia kwao Florida anao uani. Sasa mwalimu mti wetu umefikaje uani kwa mtu? Na kama upo huko si ndo umeshaokoka, mie nihangaike na nini? – *Mtu wa Konde*

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Umenikuna pale pale ninapowashwa.

Mgeni hakukudanganya kwa lolote. Mpapindi ni pamu, na porini uko Pemba tu, si Unguja, si Tanga, si Mombasa, na hapo Pemba kwenyewe ngome yake ni huo msitu wa Ngezi ulio karibu na nyumbani kwako, unaopita ndani yake ukienda Vumawimbi. Ndugu zake wote wa karibu wako Madagaska na Komoro, huu peke yake ndo umejitenga huku kwetu, umekujaje anajua Mungu. Wataalamu waliuandika rasmi mwaka 1962, aliyeuandika ni Mmarekani Harold Moore, akaupa jina la Kilatini lenye Pemba ndani yake, Chrysalidocarpus pembanus. Baadaye wakauhamisha ukawa Dypsis pembana, halafu 2022 wakaurudisha kwenye jina lake la mwanzo, kwa hiyo ukiutafuta mtandaoni tafuta kwa majina yote mawili, usije ukadhani ni miti miwili tofauti. Nyinyi mlishauita mpapindi kabla ya wote hao na hamjabadilisha, hapo mmewashinda.

Umefikaje Florida? Kwa mbegu. Matunda yake mekundu ni madogo, mkono mmoja unabeba mti mzima wa baadaye na mwingine na mwingine, na watu wanaopenda pamu wamekuwa wakipeana mbegu dunia nzima kwa miaka mingi. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu uko kwenye swali lako la pili maana wengi wanafikiri hivyo hivyo, kwamba mti ukishakuwa kwenye bustani za watu basi mambo yamekwisha. Hapana. Mara nyingi pamu zilizoko bustanini zimetokana na mama mmoja au wawili tu aliyeokotwa mbegu siku ile, sasa hiyo ni sawa na kusema tumeokoa kijiji kwa sababu tumempata mtu wa nyumba moja na wanawe. Kijiji bado kiko Ngezi. Akija mdudu au ukame ambao wale wa nyumba moja hawauwezi, mwenye dawa atakuwa mmoja wa wale waliobaki msituni ambao hakuna aliyewachukua mbegu.

Sasa uhangaike na nini. Siku ukienda Ngezi na walinzi wa msitu usiangalie juu, sote tunaangalia juu kwa sababu kigogo chake chenye pete pete kinapendeza, wewe inama. Tafuta watoto. Vipo vya kidole, vijani viwili vitatu utadhani majani ya kawaida, vipo vya goti, vipo vilivyokupita kichwa lakini havijatoa shina la maana. Ukiona rika zote tatu zipo, huo msitu unazaa. Ukiona wakubwa wapo na vya kidole vipo lakini vya goti havipo, kuna kitu kinavikata njiani, ni mbuzi, ni panga la mtu anayesafisha njia, ni kivuli kimezidi, kitafutwe. Pamu kubwa zinadanganya sana jamani, zinaweza kusimama miaka na miaka hazina mtoto hata mmoja, na wewe unapita unasema mashaallah msitu mzima huu, kumbe ni baraza la wazee.

Na nyinyi Wapemba msiniambie haiwezekani. Popo wenu yule mkubwa alikuwa anakwisha, watu wanamla, mpaka miaka ya 90 vijiji vikaunda klabu za kumlinda, leo pale Kidike wageni wanalipa kwenda kumuangalia kaning'inia. Mpapindi hauruki wala hauliwi mchuzi, kazi yake ni rahisi zaidi.

SWALI: Habari yako. Nyumbani kwangu Mbezi nina areka pamu ishirini na tatu kwenye ukuta na bottle pamu mbili getini. Nimesoma kwamba zote hizi porini ziko pabaya. Je na mimi nihesabike kuwa mhifadhi? – *Mama Bustani*

JIBU: Dada yangu, ungekuwa karibu ningekupa cheti kwa mkono wangu, lakini hapana.

Areka yako ya ukutani asili yake ni Madagaska na ndo kichekesho chenyewe, mti huo sasa hivi pengine ni mwingi zaidi kwenye mahoteli na kumbi za harusi kuliko kwao. Bottle pamu ndo ina kisa kizito. Asili yake ni Round Island, kijisiwa kidogo kaskazini ya Morisi, mwamba mtupu na udongo kiduchu. Watu walipeleka mbuzi na sungura zamani hizo, wakala kila kilichochipua, mvua ikaosha udongo ukaenda baharini. Wakubwa wakabaki wamesimama, watoto hakuna, si nimewaambia. Mbuzi wa mwisho aliondolewa 1979 na sungura 1986, na wakati huo bottle pamu za asili pale zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Walipoondoka tu hao wanyama miche ikaanza kuonekana yenyewe, na mingine ikapandwa. Hakuna aliyetengeneza dawa wala mashine, waliondoa mdomo uliokuwa unakula watoto.

Sasa zako mbili za getini kwa nini hazihesabiki? Kwa sababu bustanini bottle pamu inapandana na ndugu yake spindle pamu, ile yenye tumbo katikati badala ya chini, na mtoto anatoka wa mchanganyiko. Mimi mwenyewe niliuziwa "bottle" sita na muuzaji mmoja ambaye jina lake naliweka mfukoni, nikazilea miaka minne, tatu zikatoka spindle, mbili bottle, na moja mpaka leo sijui niiite nani. Mbegu za namna hiyo huwezi kuzirudisha kisiwani. Furahia kivuli chako dada, mwagilia, na ukiulizwa na wageni wasimulie habari ya sungura.

Tukiwa bado Morisi siwezi kupita bila kuwaambia kuhusu ile nyingine. Kwenye bustani ya mimea ya Curepipe kuna pamu inaitwa Hyophorbe amaricaulis, ndugu wa hiyo bottle yako, na ni mti mmoja. Sisemi aina moja, nasema mti mmoja, duniani kote hakuna mwingine unaojulikana. Umewekewa vyuma kuuzunguka kuushikilia kama mgonjwa. Unatoa maua kama kawaida, ya kiume na ya kike kwenye kikonyo kimoja, ila hayafunguki wakati mmoja, ya kiume yakiwa tayari ya kike bado, kwa hiyo hata kujizalisha wenyewe ni shida. Wamejaribu maabara, bado hawajapata mtoto akakua akawa mti. Kila ninapofikiria hilo huwa natoka nje nakwenda kuangalia kitalu changu, sijui kwa nini.

SWALI: Mambo vipi kaka. Niko Kilifi, nimeingia kwenye grupu za wauza mbegu onlaini, nimeona za Madagaska na hata nazi ya Shelisheli ile pacha. Bei zake ni moto. Wauzaji wanasema ukinunua unasaidia mti usipotee, na mwingine akanambia mkinunua ndo mnaumaliza. Nani mkweli? – *Kijana wa Kilifi*

JIBU: Poa mdogo wangu. Wote wawili wakweli, inategemea pesa yako inalala kwa nani.

Nikupe mfano mzuri kwanza. Kaskazini magharibi ya Madagaska alikuwepo Mfaransa mmoja, Xavier Metz, meneja wa shamba la korosho, watu wa Mtwara mtamuelewa huyo. Siku moja yuko matembezini na familia yake wanaona pamu kubwa ajabu, jani lake moja lina upana wa mita tano, na juu ya kilele imetoa ua kama mnara. Picha zikafika mtandaoni mwishoni mwa 2006, wataalamu wa bustani ya mimea ya Kew kule London wakashtuka maana ilikuwa haifanani na chochote wanachokijua, 2008 ikatangazwa rasmi kuwa ni aina mpya, wakaiita Tahina spectabilis, Tahina ni jina la binti wa huyo bwana. Mti huu unakaa miaka mingi, inakisiwa 30 mpaka 50, unachanua mara moja tu, unazaa halafu unakufa. Na miti mikubwa iliyopatikana mara ya kwanza haikufika hata 100.

Sasa fikiria mti wa hivyo, tajiri yeyote mpenda pamu anautaka, mbegu yake ni dhahabu. Walichofanya ni hiki, mbegu zilizookotwa kihalali zikauzwa dunia nzima kupitia muuzaji anayejulikana na mapato yakarudi kwa wanakijiji wanaoishi hapo chini ya mti. Mwanakijiji akaona mti ukisimama unamlipa kuliko ukiungua, akawa mlinzi bila kuajiriwa. Mwizi naye akakosa soko maana nani anunue kwa kificho kitu kinachouzwa hadharani. Hapo pesa yako imesaidia.

Upande wa pili ni nazi ya Shelisheli. Hii porini iko visiwa viwili tu, Praslin na Curieuse, na bonde lake maarufu la Vallée de Mai liliingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 1983. Mbegu kubwa kuliko zote duniani, moja inaweza kufika kilo 25. Tunda linachukua kama miaka sita saba kukomaa mtini, sasa wewe mwenye haraka ya mchicha piga hesabu. Halafu mtoto wake akianza kuota hatoki juu pale pale, anatoa kwanza kitu kama kamba nene inayotambaa chini ya udongo mita kadhaa, huko mwisho ndo anachipua, kama anamkimbia mama yake asimkalie kwenye kivuli. Kwa hiyo nazi moja ikiibiwa hujaiba kipambo cha sebuleni, umeondoa miaka ya kungoja. Na zinaibiwa, wezi wanataka nyama ya ndani wanaikausha wanauza nje kama dawa. Nazi halali ina lebo yenye namba na kibali cha kuitoa nchini. Muuzaji wa grupu akikwambia vibali tutaongea ukishalipa, muage kwa adabu.

Na Madagaska ndo hivyo hivyo. Ina pamu karibu aina 200, na utafiti uliotoka 2014 ulikuta asilimia 83 ziko hatarini kutoweka. Kadhaa zimo kwenye CITES, ule mkataba wa dunia wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ikiwemo ile ya pembetatu inayopandwa sana mahotelini, maana yake haitoki bila karatasi. Na hata kitu kisicho kwenye CITES, ukileta mbegu au mche kutoka nje unahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, kwenu Kenya nenda KEPHIS, wakaguzi wa serikali wa afya ya mimea, uulize kabla hujaagiza. Usione ni usumbufu. Kuna fukusi mwekundu wa mitende, katoka Asia kafika Ghuba kisha Ulaya akisafiri ndani ya mitende hai iliyouzwa kama mapambo, funza wake anakula moyo wa mti, pale kileleni majani yanapozaliwa, kwa ndani wewe nje huoni kitu, siku unaona kilele kimelala mti umeshakufa. Sisi chonga peke yake anatutosha kwenye minazi.

Halafu kitu cha mwisho, mbegu za pamu nyingi za msituni hazivumilii kukauka wala baridi. Nilishawahi kupewa mbegu za pamu ya Madagaska na rafiki, nikazifunga kwenye kopo tupu la majarini nikazitia frijini nikijiona mtaalamu, nikazitoa baada ya miezi minane nikapanda. Nikamwagilia mwaka mzima. Mke wangu kila asubuhi ananiuliza mzee unamwagilia nini hapo, na mimi najibu kwa heshima zote, udongo. Ndo maana hata wakubwa wenye mabenki ya mbegu pamu zinawapiga chenga, mahindi unayakausha unayafunga miaka, hizi zinataka ziwe hai zimesimama mahali. Kwa hiyo kabla hujatuma pesa uliza mbegu zimeokotwa lini. Ikipita miezi mitatu minne hazijapandwa mimi sinunui.

SWALI: Kaka hujambo. Mimi mzaliwa wa Ng'ambo Unguja, sasa niko Muscat miaka kumi na tisa. Nina vijisenti nataka nisaidie miti hii, lakini sitaki kutupa pesa kwenye semina na fulana. Nianzie wapi? – *Mswahili wa Muscat*

JIBU: Sijambo ndugu yangu, na hiyo ya fulana umenichekesha maana ninazo nne.

Mtu akiniomba mchango wa miti namuuliza swali moja tu, kitalu kiko wapi na nani analipwa kukimwagilia. Akianza kuniambia habari za uhamasishaji naelewa. Akiniambia kiko kijiji fulani, anamwagilia bibi fulani, miche mia mbili, sabini ilikufa kiangazi, huyo nampa, hasa kwa hiyo sabini, maana mwongo hakutajii waliokufa.

Kama unataka chama kikubwa, kipo cha kimataifa kinaitwa International Palm Society, kilianzishwa Marekani mwaka 1956, na wanachama wake wengi si maprofesa, ni watu kama wewe wenye kazi zao na ugonjwa wa pamu. Ada zao zinasaidia utafiti na safari za kwenda kuangalia miti iliyosahaulika. Ukijiunga utajua pia nani anafanya nini wapi, hilo peke yake lina faida.

Lakini uko Muscat bwana, angalia jirani yako kwanza. Kuna pamu inaitwa Livistona carinensis, inaishi sehemu tatu tu za dunia, Jibuti, Somalia na Hadhramaut ya Yemen, kule kule wanakotoka mababu wa nusu ya majirani zako wa Ng'ambo. Inaota mabondeni penye chemchemi kidogo katikati ya mawe makavu, ndefu, majani yake kama feni. Kule Jibuti iko bonde la Bankoualé. Shida zake mbili, vigogo vinakatwa kwa kujengea kwa sababu eneo hilo mbao zitoke wapi, na miche inaliwa na mbuzi na punda kwa sababu kiangazi ndo kijani pekee kilichobaki. Umeona, tumerudi kwa watoto tena. Ukipata watu wa huko wanaozungushia seng'enge mahali miche inapoota, hata robo eka, pesa yako itafanya kazi kuliko ukumbi wa hoteli. Seng'enge na mtu mmoja wa kuirekebisha mbuzi wakiibomoa, maana wataibomoa.

SWALI: Nyinyi mnaoandika magazetini kila siku msikate msikate. Mimi nasuka mikeka tangu nina miaka tisa, watoto wangu wamesoma kwa ukindu, na mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mgema. Mnataka tule nini? – *Msuka Mikeka, Makunduchi*

JIBU: Shikamoo bi mkubwa. Maneno yako nimeyapokea kwa mikono miwili na hujanikosea.

Hakuna mwenye akili atakayekwambia uache ukindu. Mkindu si mti adimu, umejaa sehemu kubwa ya Afrika, na unaota kwa kichaka, mashina mengi kwenye mguu mmoja. Wewe unachukua lile jani changa la katikati ambalo halijafunguka, unalichana chane, unalianika, unalitia rangi, unasuka ukili. Mti hauna habari ilimradi hujauchukulia kila jani changa na hujaukata moyo. Bibi yangu mzaa baba alikuwa hachukui mara mbili shina moja mpaka jani jingine lifunguke kabisa, na alikuwa anasema mkindu nao unataka kupumua, wala hakuwahi kuingia darasani. Nyinyi wasukaji ndo mnajua kichaka gani kimechoka maana chane zinakuja fupi, zinakatika mkononi. Hiyo ni takwimu, wataalamu wanalipana kuipata.

Marehemu mzee naye, kama aligema mnazi alikuwa anachonga karara kwa kotama na mnazi unabaki mzima, unakosa nazi tu kwa muda. Mkoma ni hadithi nyingine, ukigemwa pale kileleni shina lile linakufa, ila kwa kuwa nao una mashina mengi utachipua tena. Wa kuuonea huruma ni mvumo. Shina moja, moyo mmoja, na unakaa miaka ishirini na zaidi kabla haujazaa mara ya kwanza. Tena kuna mvumo dume na mvumo jike. Ukikata majike yote ukabakiza madume kwa sababu hayana matunda ya kuangukia watu, umebakiza mapambo. Hapo ndo ninaposema msikate, na hapo tu.

Kuna pamu ya jangwani inaitwa argun, matunda yake yalikutwa kwenye makaburi ya Wamisri wa kale, yaani watu walizikwa nayo. Ikadhaniwa karibu imekwisha, mpaka 1995 ikakutwa tena jangwa la Nubia kule Sudan. Na unajua nani alikuwa anaijua siku zote bi mkubwa? Wenyeji wanaosukia majani yake mikeka na kamba. Kwa hiyo mtu akija tena kwako na karatasi ya msikate, mkalishe kwenye mkeka umuulize yeye mkindu anautambuaje na mtoto wa mnazi, wote wakiwa na majani mawili. Ukiona kababaika mpe maji ya kunywa aende zake.

SWALI: Nimepanda mbegu za mvumo na mkindu kwenye viroba, panya wanazifukua usiku wanakula zote. Nifanyeje? – *Tanga, Chumbageni*

JIBU: Karibu kwenye chama, una wenzako mpaka Australia. Kisiwa cha Lord Howe ndo nyumbani pekee kwa kentia, ile pamu ya chungu inayokaa ndani ya nyumba za watu Ulaya tangu karne ya 19, na kuuza mbegu zake kumewalisha watu wa kisiwa kile muda mrefu. Mwaka 1918 meli ikapanda mwamba, panya wakashuka, wakawa wanakula mbegu miaka mia moja. Kule mlimani kuna pamu nyingine fupi, haipo popote ila hapo juu, hiyo ndo walikuwa wanaimaliza kabisa. 2019 wenyeji wakafanya kampeni ya kuwamaliza panya kisiwa kizima na miche ikaanza kuonekana.

Wewe huna haja ya kampeni. Chukua wavu wa chuma, ule wa banda la vifaranga, kata ufunike viroba vyote, kingo zizike chini inchi nne maana panya anachimba. Mbegu ya mvumo ipande ardhini moja kwa moja, usitumie kiroba, kwa sababu inashusha chini mzizi mrefu kabla hujaona kitu na ukija kuihamisha utaukata. Ya mkindu loweka siku mbili, kiroba kinafaa. Na paka usimtegemee. Wangu nilimfunga kitaluni usiku mzima alinde, asubuhi nimemkuta kalala juu ya mbegu, kumbe pale pana joto, na panya wamekula za pembeni.